Usiniite mchawi, ni treni tu!

 Jumapili iliyopita nusura nitupiwe virago nje kwa kosa ambalo hata polisi wangekosa kifungu cha kuliandikia. Nilishukiwa uchawi! Ndiyo, mie mwandishi wenu, kijana wa kidato cha nne, mpenda soka na chipsi mayai, eti mchawi.

Basi bwana, ilikuwa saa nne asubuhi. Nipo mlangoni napiga mswaki, mara namwona mama mwenye nyumba anakuja huku anachechemea. Nyuma yake yupo mjumbe na baraghashia yake, na nyuma ya mjumbe wapangaji wote wa nyumba yetu ya hapa Buguruni, wakubwa kwa watoto. Nikatema povu, nikaamkia, "Shikamoo mama." Kimya. Hapo nikajua leo ipo kazi, maana mama huyu hata umdhulumu kodi ya miezi miwili, marahaba yako hakunyimi.

"Kijana," mjumbe akasema, "fungua mlango wote. Tunataka kuwaona hao watu wako."

"Watu gani tena, mzee?"

"Hao wadogo."

Wasomaji, sitawaficha. Watu wadogo walikuwepo kweli. Walikuwa ishirini na wawili, wamesimama juu ya ubao uliolazwa kwenye matofali pembeni ya kitanda changu, kila mmoja urefu wake sentimita mbili. Ishirini na mmoja walikuwa wima. Mmoja, mwanamke, alikuwa kaanguka kifudifudi, mguu mmoja umepinda, na kiunoni kajifunga kipande cha kanga. Mama alikuwa akianika nguo, akachungulia dirishani kwangu, akaiona ile kanga na kuitambua kuwa ni ya kwake. Na mguu wake mwenyewe ulikuwa unamuuma tangu Jumatano!

Ungekuwa wewe ungeanzia wapi kujitetea? Mie niliwaomba wanipe dakika tano nieleze. Dakika tano zikawa saa nzima. Nanyi nawaeleza kama nilivyowaeleza wao, ila nyie nawaongezea uhondo, kwa kuwa hamkuja na mjumbe.

Nilianzia Karume, kwenye mitumba ya pale Ilala. Nilikwenda kutafuta suruali, nikapita kwa jamaa anayemwaga chini midoli ya Ulaya. Katikati ya madubwana yasiyo na macho nikaona behewa. Behewa la mizigo, dogo, linatosha kiganjani, lakini kila kitu kipo: milango, vitasa, ngazi ya kupandia, hata misumari ya ribiti imejipanga kwenye bati. Pamoja nalo vipande sita vya reli. Jamaa akataka elfu tano, tukaelewana elfu tatu. Suruali nikaiacha. Nilipofika nyumbani nikaligeuza, nikaona chini limeandikwa herufi mbili tu: HO.

Hizo herufi mbili ndizo zilizonitia matatani. Niliingia kwenye simu kuuliza maana yake, nikatoka siku tatu baadaye, macho mekundu, bando limekwisha.

Kumbe, wasomaji, kuna watu wazima duniani, wenye ndevu na wajukuu, ambao kazi yao baada ya kazi ni kujenga reli ndogo ndani ya nyumba. Sio kucheza. Kujenga. Wanajenga milima, mito, madaraja, stesheni, mitaa, taa za barabarani, wanaweka ratiba na kuendesha treni kwa saa. Wajerumani walikuwa wakiuza treni za namna hii tangu karne ya 19. Kampuni ya Märklin ilipeleka za kwake kwenye maonesho ya Leipzig mwaka 1891, reli zake zikiwa na vipimo maalumu ili mtu aweze kununua kipande leo na kingine mwakani vikaungana. Wamarekani nao wakawa na jarida lao, Model Railroader, mwaka 1934, na mwaka uliofuata wakaunda chama cha nchi nzima.

HO maana yake ni nusu ya O, kipimo cha zamani kilichokuwa kikubwa zaidi. Kila kitu cha HO kimegawanywa kwa 87. Chukua mtu wa kawaida wa mita moja na robo tatu, gawanya kwa 87, unapata sentimita mbili. Ndio hao watu wangu. Chukua behewa la mita 20, unapata kama sentimita 23. Upana wa reli zenyewe ni milimita 16.5. Nami kwa kuwa hesabu ndilo somo pekee lililonipa heshima shuleni, nikachukua kikokotoo: 16.5 mara 87 ni 1,435. Nikashtuka! Hiyo si ndiyo SGR yetu? Reli iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024 ina upana wa milimita 1,435. Reli ya zamani, ile ya Mjerumani iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ina upana wa mita moja kamili, na ya TAZARA ni milimita 1,067. Kwa hiyo reli yangu ya Karume ni SGR, mtake msitake.

Tatizo ni nafasi. Kutoka Dar hadi Morogoro kwa reli ni kama kilomita 200. Gawanya kwa 87, bado ni kilomita mbili na ushee. Chumba changu ni futi kumi kwa kumi, na humo kuna kitanda, jiko la gesi na ndoo. Kwa hiyo hata huko kwa wenye nazo lazima mtu abane: stesheni yenye majukwaa sita inakuwa na mawili, mji wenye mitaa arobaini unakuwa na minne, na anachagua kile ambacho kikikosekana mwenyeji atasema hapa si kwetu. Hilo la kuchagua ndilo linalowanyima watu usingizi kuliko gundi na rangi.

Nikachagua stesheni ya Kilosa. Sikuchagua kwa akili nyingi. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa ananipeleka kwa bibi Tabora, na Kilosa ndipo treni ilipokuwa ikisimama mie bado macho. Baada ya hapo nalala. Kwa hiyo katika safari nzima ya Reli ya Kati, stesheni ninayoijua ni moja.

Sasa msidhani kazi hii ni ya watu waliokosa la kufanya. Mwanamuziki Rod Stewart wa Uingereza, yule mwenye sauti ya kukwaruza na nywele za jogoo, mwaka 2019 alionyesha hadharani mji wake wa treni uliokuwa ghorofa ya juu ya nyumba yake huko Los Angeles. Ulikuwa na urefu wa kama mita 38! Ni mji wa Kimarekani wa miaka ya 1940, wenye maghorofa, viwanda na masizi. Ulimchukua zaidi ya miaka 20. Akienda kwenye maonyesho ya muziki nchi za watu, alikuwa anachukua chumba cha pili hotelini, si kwa ajili ya totoz kama mnavyofikiria, bali kwa ajili ya kujengea maghorofa yake. Mtangazaji mmoja wa redio aliposhuku kuwa kajengewa, mzee mzima alipiga simu redioni kukanusha, akasema asilimia 90 ni mkono wake, ila mambo ya umeme alisaidiwa. Umeme hata mie ungenishinda.

Na Hamburg, Ujerumani, ndugu wawili mapacha walifungua mwaka 2001 kitu kinaitwa Miniatur Wunderland. Hicho ni baba lao: reli zaidi ya kilomita 15, zote kwa kipimo hichohicho cha behewa langu la elfu tatu. Taa zinazimwa usiku uingie, zinawashwa kukuche, na magari ya zimamoto yanatoka yenyewe kwenda kuzima moto. Watu wanalipa kiingilio.

Turudi Buguruni.

Nilipoanza sikuwa na senti. Milima nilitengeneza kwa lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya. Dukani wanalitupa, mie naokota. Unalikata, unalivika magazeti yaliyoloweshwa kwenye uji wa jasi, likikauka gumu kama jiwe. (Ndiyo, na gazeti hili limo. Mhariri asinune.) Miti ni vijiti vikavu na waya wa simu uliosokotwa. Majani ni vumbi la mbao kutoka kwa fundi seremala, nimelipika na rangi ya mkeka, kijani na njano kidogo, kwa sababu kijani tupu ni uongo. Hakuna mti wa kijani kitupu. Kokoto za kati ya mataruma ni mchanga niliouchuja mara mbili kwa chujio la chai. Kuugandisha kuna siri yake: ukimwaga gundi nzito juu, mchanga unajikusanya vidonge kama ugali uliomshinda mpishi. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji, nusu kwa nusu, tia tone la sabuni ya vyombo, ndipo inapenya taratibu hadi chini bila kusogeza punje. Sabuni ndiyo kila kitu. Nimepoteza wiki mbili kabla ya kujua hilo.

Bati je? Karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Unailaza juu ya ndala, unaviringisha bolti ya spana namba kumi, ukiiinua ina mikunjo mikunjo, bati tupu! Sivuti, kwa hiyo naokota pakiti kijiweni, na wenzangu kijiweni wana maoni yao kuhusu hilo.

Watu wenyewe ni njiti za kiberiti zilizokatwa nusu. Kichwa cha kiberiti ndicho kichwa cha mtu, mikono na miguu ni waya. Nguo ni karatasi, ila kwa wanawake karatasi haikai vizuri. Hapo ndipo lilipokuja suala la kanga. Mama mwenye nyumba ana dekio lake la veranda, kanga ya siku nyingi imechakaa mpaka imekuwa laini kama hariri. Nikakata pembeni, kidogo tu, ukubwa wa ukucha. Nilijua ni dekio. Sikujua kwamba ilikuwa kanga ya siku aliyotolewa nje na mtoto wake wa kwanza.

Baada ya miezi mitatu stesheni ikakamilika. Ukuta mweupe, bati linang'aa, reli safi, miti imejipanga. Nikazima taa, nikamulika kwa simu nione inavyofanana na Kilosa. Ilifanana na keki ya harusi! Wala sio harusi ya watu ninaowajua. Kila kipimo kilikuwa sahihi, na kitu kizima kilikuwa uongo. Mchumba wangu alipokuja akasema "nzuri" kwa sauti ile anayotumia akinunuliwa soda badala ya chipsi kuku.

Katika kutafuta dawa ndipo nikakutana na habari za John Allen.

Huyu bwana Mmarekani alizaliwa mwaka 1913, kazi yake ilikuwa kupiga picha, makazi yake mji wa Monterey, California. Reli yake aliiita Gorre & Daphetid. Ukiyatamka haraka kwa Kiingereza, majina hayo yanasikika kama mtu anayesema katapakaa damu na kashindwa vita. Alijenga ya kwanza ndogo, ikakua ikawa ya pili, halafu kuanzia mwaka 1953 akaanza ya tatu kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Milima ilianzia sakafuni ikaishia darini, mgeni anapita katikati kama yupo bondeni. Alificha vioo ili mtaa mmoja uonekane miwili. Nyumba za mbali alizifanya ndogo kuliko za karibu, jicho lidhani kuna maili kadhaa pale penye hatua mbili. Na utani alikuwa nao: stesheni mojawapo alimweka dainosa, yule mwenye vibao mgongoni, jina lake Emma, kazi yake kuvuta mabehewa badala ya kichwa cha treni.

Lakini kilichonikamata si Emma. Enzi zile wenzake wengi walipenda vichwa vyao vya treni ving'ae kama vimetoka dukani. John Allen akachafua. Akapaka kutu, akapaka masizi, akapausha mbao, akabomoa vizuri vilivyojengwa vizuri. Alikuwa mpiga picha, alijua jicho linadanganywa na nini, na halidanganywi na vitu vipya. Rod Stewart naye, hata vijia vyake vya miguu hakuviacha na rangi moja ya kijivu. Kavitia weusi kwenye nyufa na takataka kwenye mifereji. Milionea mzima kainama anatia takataka kwenye mfereji wa milimita tano!

Nikasema kumbe. Nikavaa ndala, nikaenda kusimama pembeni ya reli yetu hapa Buguruni, ile inayopita treni ya mjini ya tangu 2012. Nimekaa mtaa huu miaka minne na sikuwahi kuitazama. Kutu ya reli si nyekundu, ni rangi ya chai ya maziwa iliyokaa. Juu ya reli, pale magurudumu yanapopita, hakuna kutu kabisa, panang'aa kama kisu. Katikati ya reli mbili kuna mstari mweusi wa mafuta, na mahali treni inaposimama mstari unakuwa bwawa. Kutu ya bati haianzii popote. Inaanzia kwenye msumari inashuka kama machozi. Ukuta uliopakwa chokaa unachafuka kuanzia chini hadi gotini, kwa kuwa mvua inapiga ardhi na kurusha tope. Na jambo moja lilinifurahisha mpaka nikacheka peke yangu: kwenye ukuta wowote ambao watu wanakaa chini wakisubiri, kuna mstari wa weusi usawa wa vichwa. Mafuta ya nywele! Miaka nenda rudi watu wanaegemea, wanasinzia, wanaondoka, mafuta yanabaki.

Nikarudi nyumbani na hesabu zangu. Kichwa cha mtu aliyekaa chini kipo kama sentimita 80 kutoka ardhini. Gawanya kwa 87, milimita tisa. Nikasaga mkaa, nikachovya kidole kwenye mafuta ya nazi, nikapitisha ule mstari kwenye ukuta wangu mweupe, milimita tisa kutoka chini. Mwili ulinisisimka. Keki ya harusi ikageuka stesheni.

Tangu siku hiyo kazi yangu imekuwa kuchafua. Wiki nzima natia kutu kwenye bati la choo. Jambo la kuchekesha ni kwamba katika uchafu wote huo kuna mahali pamoja hapatakiwi hata chembe ya vumbi, nako ni juu ya reli. Treni hizi zinakula umeme mdogo, volti 12 hivi, unaopita kwenye reli zenyewe na kuingia kupitia magurudumu. Vumbi likikaa hapo umeme haupiti, treni inakwama katikati ya mji wako mzuri. Kwa hiyo hawa mabwana mkono mmoja unapaka uchafu, mkono mwingine unafuta. Mie sina kichwa cha treni, nina behewa tu, lakini kila Jumamosi nafuta reli zangu kwa spiriti. Siku kikija kisinikute sijajiandaa.

Kuhusu John Allen kuna kitu nilikiruka mbele ya mjumbe, nanyi nawaambia. Januari 1973 moyo ulimsimama, akafa, umri miaka 59. Reli yake ya tatu, kazi ya miaka karibu ishirini, ilikuwa imebakiza kidogo tu kukamilika. Siku kama kumi baada ya kifo chake nyumba ilishika moto na sehemu kubwa ya ile milima ikateketea. Kilichobaki ni picha, tena nyingi, kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi wa picha. Miaka minane baadaye zilitolewa kwenye kitabu.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Nikawatazama watu wangu, ishirini na wawili, wote vichwa vya kiberiti. Siku mbili sikugusa gundi. Nilijiuliza kama ninachofanya kina kichwa wala miguu, kijana wa miaka 24 sina hata godoro la maana, natumia usiku wangu kupaka kutu kitu ambacho cheche moja ya jiko la gesi itakimaliza. Jibu sikupata. Siku ya tatu nikakumbuka nguzo ya taa haijapata masizi, nikainuka nikaipaka.

Haya, mbele ya mahakama.

Nilipomaliza kueleza, mjumbe alikuwa kaketi kwenye ndoo yangu, kavua baraghashia. Akauliza, "Sasa hao kiberiti vichwani, huoni utatuunguzia mtaa?" Swali la haki kabisa. Nikaahidi kuvichovya vichwa vyote kwenye rangi ya mafuta na kuhamisha jiko. Lakini la kanga lilikuwa bado, na wapangaji mlangoni walikuwa hawajaridhika. Yule dada wa chumba cha tatu akasema kwa sauti kwamba hata wachawi siku hizi wana simu na hesabu.

Mama mwenye nyumba hakuwa akisikiliza. Alikuwa kainama juu ya ubao, mkono mmoja kiunoni. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akanyoosha kidole, bila kugusa, kuelekea ule ukuta wa stesheni.

"Hapa," akasema, "hapa palipochafuka. Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia mama, niliona kwenye kuta za huku."

"Hapa tulikuwa tunaegemea. Treni ikichelewa tunalala hapahapa na sinia mapajani." Akanyamaza. "Ni wapi hapa?"

"Kilosa, mama."

Wasomaji, miaka minne nakaa kwenye nyumba ya mtu sikujua kwamba kazaliwa Kilosa. Alikuwa akiuza ndizi kwenye madirisha ya treni, yeye na dada zake wawili, kabla hajaolewa na kuletwa huku. Sijawahi kumuuliza. Kodi ndiyo tuliyokuwa tunazungumza.

Nikadhani sasa ataangua kilio tukumbatiane kama kwenye filamu. Thubutu! Alianza kunikosoa.

"Mbona stesheni yako bubu? Muuza ndizi hata mmoja hakuna. Wauza maji wako wapi? Watoto? Treni ikija Kilosa inakuja na kelele, wewe umewapanga watu hapa kama wapo msibani."

"Bado mama, najenga polepole."

"Na njia ya kwenda Kidatu inachepukia wapi?"

"Ubao umekwisha, mama."

"Ubao umekwisha," akarudia, kwa sauti ya mtu ambaye hajaona sababu. Mjumbe akainuka kwenye ndoo, akavaa baraghashia, akawaambia watu watawanyike wakapike. Yule dada wa chumba cha tatu aliondoka wa mwisho.

Mama alibaki mlangoni. Nikamwomba radhi kwa ajili ya kanga, nikasema nitaivua na kuirudisha kile kipande. Akaniangalia kama mtu asiyejua kitu.

"Utairudisha wapi, kwenye dekio? Iache. Huyo mwenye kanga yangu mwekee sinia la ndizi kichwani. Na mguu wake umnyooshe."

Nikamnyoosha jioni ileile, mbele ya macho yake, kwa koleo ndogo. Ndizi nimetengeneza kwa uzi wa njano, sinia ni kifuniko cha soda nilichokikata kikawa duara dogo. Mguu wa mama mwenyewe alikwenda kuuangalizia zahanati Jumatatu, wakampa vidonge na kumwambia apunguze chumvi. Dada wa chumba cha tatu mpaka leo akinikuta bombani anasubiri nimalize ndipo ateke.

Kodi ya miezi miwili bado nadaiwa. Hilo halikusamehewa na wala sikuthubutu kuligusia. Ila juzi nimekuta mlangoni kipande cha ubao, futi tatu, kimeegemezwa ukutani. Njia ya Kidatu hiyo. Kwa hiyo ndugu wasomaji, mwenye kichwa cha treni cha HO, hata kama ni kibovu, hata kama hakina gurudumu, asikitupe; apite ofisi za gazeti hili aulize mwandishi wa safu hii. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.